Dawa ya Mti Mnayoitafuta Imo Wodini

Ipo kauli inayozunguka vijiweni, kwenye vipindi vya redio na katika makundi ya simu, nayo imezoeleka kiasi kwamba anayeipinga huonekana msaliti wa kwao. Kauli hiyo yasema hivi: saratani ya damu ina dawa, na dawa hiyo ni miti yetu, hospitali hawana ila kemikali za kummaliza mgonjwa taratibu, wenye viwanda vya dawa wanaujua ukweli huu, lakini wanauficha wasije wakakosa faida. Kisha hutajwa orodha: mstafeli, mlonge, mwarobaini, habasoda, manjano, mshubiri. Mwishoni hutolewa namba ya kutuma pesa.

Naipinga kauli hiyo, na naipinga bila kuidharau miti. Anayeidharau miti katika habari za saratani ya damu haijui historia ya tiba ya ugonjwa huu. Naipinga kwa sababu inamtoa mtoto kwenye dawa ya mti iliyothibitika, inampeleka kwenye maji ya mti ambayo hakuna aliyeyapima, na mtoto huyo anakufa ilhali angeweza kupona.

Liko ua dogo ambalo msomaji wa Pwani amelipita mara nyingi bila kulijali. Lina petali tano, jeupe au la waridi, linavumilia mchanga na jua kali, na watu hulipanda uani na makaburini. Asili yake ni Madagaska, na wanabotania huliita Catharanthus roseus. Zamani watu wa Jamaika, Ufilipino na kwingineko walichemsha majani yake wakayanywa kama dawa ya kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaika, C. D. Johnston, aliyatuma majani hayo Kanada kwa daktari mwenzake, Clark Noble. Clark akampa ndugu yake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Robert alianza kwa kuipima sifa ile ya kisukari. Wanyama waliponyweshwa dondoo la majani, sukari yao haikushuka. Alipowadunga panya dondoo hilohilo kwa sindano, wakafa kwa maambukizi. Alipochunguza akakuta seli nyeupe za damu zimepukutika na uboho wao umeharibika. Mtu mwingine angeyatupa majani yale kama sumu. Noble alijiuliza: kama kitu hiki kinapunguza seli nyeupe kiasi hiki, kitafanya nini kwa ugonjwa ambao seli nyeupe huzaliana kupita kiasi? Pamoja na mkemia Charles Beer alikitenga kiini kimoja, vinblastini, nao wakakitangaza mwaka 1958. Wakati huohuo, katika kampuni ya Eli Lilly nchini Marekani, Gordon Svoboda na Irving Johnson walikuwa wakilipima ua lilelile kwa panya wenye lukemia, yaani saratani ya damu. Huko kikapatikana kiini cha pili, vinkristini, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, vinkristini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayegundulika kuwa na ile aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi, lukemia kali ya limfoblasti, huanza kuchomwa vinkristini tangu siku za mwanzo za matibabu, awe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au London. Mwaka 1962, hospitali ya St. Jude ilipofunguliwa Memphis, waliopona aina hiyo walikuwa takriban asilimia 4. Katika nchi tajiri leo wanaopona wanakaribia asilimia 90. Ua la Madagaska halikuifanya kazi hiyo peke yake. Lilifanya pamoja na prednisoni, methotreksati, merkaptopurini, asparaginasi na nyinginezo, kila moja kwa zamu yake na kwa kipimo chake. Lakini liliifanya, na linaendelea kuifanya.

Wala si mmea huo peke yake. Etoposidi, inayotumika katika aina kadhaa za saratani ikiwemo ya damu, ilitengenezwa kutokana na kiini cha mmea wa porini wa Amerika Kaskazini uitwao Podophyllum peltatum. Omasetaksini ilitoka kwenye miti ya jamii ya Cephalotaxus, ikatumiwa China kwa miaka mingi, na mwaka 2012 ikaidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi ambao dawa nyingine zimewashinda. Basi anayesema hospitali imeikataa miti anasema jambo lisilokuwepo. Mzazi anayemchukua mwanawe wodini usiku ili akamtafutie dawa ya mti, mara nyingi amemng'oa kwenye dripu yenye dawa ya mti.

Sasa tazama yale ambayo ua hili linatufundisha kuhusu kauli nyingine inayoandamana na ile ya kwanza, kwamba cha asili hakina madhara. Vinkristini inatoka kwenye jani, na ni moja ya dawa za hatari zaidi katika kabati la wauguzi. Inafanya kazi kwa kuzuia nyuzi ndogo ambazo seli huzitegemea inapotaka kujigawa. Seli ikikwama hapo, inakufa. Nyuzi hizohizo zinahitajika pia na mishipa ya fahamu, ndiyo maana mgonjwa anaweza kupata ganzi vidoleni, akalegea miguu, akafunga choo. Dozi yake huhesabiwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili, na kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja. Huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikikosewa ikachomwa kwenye maji ya uti wa mgongo, karibu kila mara inaua, na kwa hiyo hospitali zimewekewa kanuni kali za kuitenga na sindano za mgongo.

Ua moja lina alkaloidi zaidi ya 70. Vinkristini ni mojawapo, nayo imo kwa kiasi kidogo mno, hata kupata gramu moja kunahitaji majani makavu ya mamia ya kilo. Anayechemsha konzi ya majani jikoni hajui ametoa alkaloidi ipi, kwa kiasi gani, na ngapi kati ya hizo zitapita tumboni kufika kwenye damu. Akipata kidogo, saratani inaendelea. Akipata nyingi, anapata sumu. Hatua ya katikati, ile inayoponya, haipatikani kwa kubahatisha. Ilipatikana kwa miaka ya kazi, kwa wanyama waliokufa, na kwa watoto ambao wazazi wao walikubali wajaribiwe dawa ambayo bado ilikuwa ikijulikana kidogo. Kuyatupa matokeo ya kazi hiyo na kurudi kwenye sufuria ni kuwadharau watoto wale.

Angalieni pia kwamba mapokeo yalikuwa yametaja ugonjwa mwingine kabisa. Wazee wa Jamaika walisema kisukari. Hawakuwa wajinga: walijua jani hili lina nguvu, na kujua kwao ndiko kulikomfanya Johnston alitume Kanada. Lakini nguvu ilikuwa ya kitu kingine, na hilo halikuonekana mpaka mtu alipopima damu. Mapokeo hutuonyesha pa kuchimba. Yaliyomo ardhini huonekana kwa kuchimba.

Hata sisi Afrika Mashariki tuna mti wetu katika historia hii, na unapaswa kutajwa kwa sababu unafundisha subira. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake walitangaza kiini kipya, maytansini, walichokitenga kutoka mti wa jamii ya Maytenus uliochumwa Ethiopia. Kwenye panya wenye lukemia kiini hicho kilikuwa na nguvu ya kushangaza hata kwa kipimo kidogo sana. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikataka malighafi kwa wingi, na ikaja kuipata kwa mti wa jamii hiyohiyo katika vilima vya Shimba, Kwale, nchini Kenya. Katika miaka ya 1970 zilichukuliwa huko zaidi ya tani 27 za mti huo. Waliporudi miaka michache baadaye kutaka zaidi, miti ilikuwa haijaota upya kiasi cha kutosha.

Kwa binadamu matokeo yalikuwa ya kuvunja moyo. Maytansini ilipojaribiwa kwa wagonjwa, sumu yake ilikuwa kubwa na faida haikuonekana. Lukemia iliyokimbia kwenye panya haikukimbia kwa mtu. Jaribio likafungwa. Ilichukua miongo kadhaa mpaka wanasayansi walipobuni njia ya kukifunga kiini cha jamii hiyo kwenye kingamwili inayokifikisha penye uvimbe moja kwa moja, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa ya aina hiyo kwa saratani ya matiti. Toka mti hadi dawa ilikuwa zaidi ya miaka 40, na saratani iliyotibiwa haikuwa ile iliyotarajiwa. Mwenye kuuza unga wa mizizi kwenye chupa ya maji na kusema unatibu lukemia aseme ameipitia hatua ipi kati ya hizo.

Hapa nawageukia wenzangu waandishi wa habari, na watafiti pia, kwa kuwa sehemu ya lawama ni yetu. Kila mara hutoka kichwa cha habari: mmea fulani waua seli za saratani ya damu. Ukisoma ndani, utakuta dondoo la mmea limemiminwa kwenye kisahani cha maabara chenye seli za lukemia, na seli zikafa. Habari hiyo huwa ya kweli. Thaimokwinoni ya habasoda inaua seli hizo kisahanini. Kurkumini ya manjano nayo inaziua. Viini vya mstafeli vinaziua. Mimea inayofanya hivyo ni mingi mno, kwa sababu mimea hutengeneza sumu za kujilinda na wadudu na wanyama, na sumu huua seli. Swali la tiba huanzia baada ya hapo: je, kitu hicho kitafika kwenye uboho wa mgonjwa kwa wingi unaotosha, na kikifika kitaziacha hai seli nzima?

Kurkumini ni mfano mzuri. Watu wamepewa hadi gramu 8 kwa siku, kiasi ambacho hakuna mchuzi unaoweza kukibeba, na damu yao ilipopimwa kurkumini ilikuwa kidogo mno, kwa sababu utumbo na ini haviiachi ipite. Kipimo kilichoua seli kisahanini hakikufikiwa mwilini. Mstafeli una upande mwingine. Katika kisiwa cha Guadeloupe madaktari walikuta wagonjwa wengi isivyo kawaida wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na wa Parkinson, na ukahusishwa na ulaji wa matunda ya jamii ya mstafeli na unywaji wa chai ya majani yake. Kiini chake kiitwacho anonasini huua seli za neva za panya. Kula tunda la stafeli siku moja moja si tatizo. Kunywa majani yaliyochemshwa asubuhi na jioni kwa miezi, kwa sababu mtu amesema yanashinda dawa za saratani za hospitali, ni jambo jingine.

Mtafiti anayetangaza matokeo ya kisahani bila kusema ni ya kisahani, na mhariri anayeyapandisha ukurasa wa mbele, wanampa mchuuzi wa chupa ushahidi ambao hakustahili. Mchuuzi hatasoma kipengele cha mipaka ya utafiti. Atakata kichwa cha habari, akitume kwenye makundi, na kuweka namba yake chini.

Watetezi wa kauli hii watasema: acha maabara, sisi tunao watu waliopona. Ushuhuda ni jambo zito na haufai kuchekwa. Lakini tuulize maswali ambayo ushuhuda wenyewe hauulizi.

Kwanza, saratani ya damu si ugonjwa mmoja. Ziko lukemia kali ambazo zisipotibiwa humwondoa mtu kwa wiki au miezi michache. Ziko lukemia sugu ambazo mtu huishi nazo miaka akiwa anatembea na kufanya kazi, mpaka siku zinapobadilika tabia. Mwenye lukemia sugu akinywa mwarobaini na akaonekana yuko vizuri mwaka wa kwanza, hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa wake. Angeonekana hivyo hata kama angekunywa maji matupu.

Pili, wengi wanaokwenda kwa mganga walipita hospitali kwanza. Walifika weupe kama karatasi, wakaongezwa chupa za damu, wakachomwa antibayotiki, wengine wakapata wiki kadhaa za dawa. Kwa watoto wenye lukemia ya limfoblasti, mwezi wa kwanza wa matibabu huondoa dalili kwa walio wengi sana: homa inakata, tezi zinanywea, mtoto anaomba chakula, anakimbia. Wataalamu wanajua kwamba ndani ya uboho bado yaweza kuwa yamebaki mabilioni ya seli za ugonjwa zisizoonekana kwa darubini. Ndiyo sababu matibabu huendelea miaka miwili hadi mitatu. Mzazi asiyeelezwa hayo humwona mwanawe amenenepa, husema Mungu mkubwa, humpeleka kijijini, huanza dawa za mizizi, na sifa zote za mwezi ule wa hospitali huenda kwa mizizi. Ugonjwa unaporudi, huwa umezizoea dawa, na sasa hospitali ndiyo hupewa lawama za kifo.

Tatu, na hili linatisha zaidi, si kila kinachoitwa mitishamba ni mitishamba. Katika nchi nyingi wakaguzi wa dawa wamekuta steroidi zimechanganywa kisirisiri kwenye unga na vidonge vinavyouzwa kama vya asili. Steroidi kama prednisoloni huweza kuyeyusha seli za lukemia ya limfoblasti kwa siku chache. Mgonjwa huamka na kula, ndugu hushangilia. Ila dawa hiyo ikitolewa peke yake haiponyi. Inaacha seli zilizo sugu, nazo hurudi zikiwa ngumu kutibika kuliko mwanzo. Muujiza wa wiki mbili umefunga mlango wa tiba ya miaka miwili.

Nne, waliokufa hawatoi ushuhuda. Redio haiwaiti wajane wao. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na anayeuza chupa hana sababu ya kuhesabu makaburi.

Wapo watu wa busara wanaosema: basi tutumie vyote viwili, hospitali na miti, kwani kuna ubaya gani? Rai hii ina nia njema, lakini kwa mgonjwa wa saratani ya damu ina hatari zake. Ini linalovunja dawa za hospitali ndilo linalovunja viini vya mimea, na kimoja huweza kukivuruga kingine. Wapo watu waliopewa imatinibu, kidonge kilichobadilisha maisha ya wenye lukemia sugu ya mieloidi tangu mwaka 2001, pamoja na mmea wa Ulaya uitwao Hypericum ambao huuzwa kwa ajili ya huzuni. Kiasi cha imatinibu mwilini kilishuka kwa takriban asilimia 30. Mgonjwa anameza kidonge chake kila siku, anadhani analindwa, na ugonjwa unapata upenyo.

Kuna pia hatari za wazi zaidi. Mgonjwa ambaye seli zake nyeupe ziko chini hana kinga, na unga wa majani yaliyokaushwa chini, au juisi ya majani mabichi, huwa na ukungu na bakteria ambavyo mtu mwenye afya angevimudu. Mgonjwa ambaye chembe sahani zake zimeshuka damu yake haigandi vizuri, na kumchanja chale, kumpiga chuku au kumpa dawa ya kuharisha kunaweza kumfanya avuje damu bila kukoma. Wanaofanya hayo mara nyingi huwa na mapenzi ya kweli kwa mgonjwa. Mapenzi hayaongezi chembe sahani.

Kwa hiyo anayetaka kutumia kitu chochote cha mitishamba amwambie daktari wake bila kuficha. Na daktari anayeambiwa asimkaripie mgonjwa wala kumdhihaki, maana ukali wa wodini umewafunga midomo watu wengi, na mdomo uliofungwa huficha hatari.

Nabakiwa na sehemu ya mwisho ya kauli ninayoipinga: kwamba wakubwa wanaficha. Wanaoiamini watazame mji wa Harbin, kaskazini mashariki mwa China. Katika miaka ya 1970 daktari Zhang Tingdong na wenzake walifuatilia mchanganyiko wa kienyeji uliokuwa na aseniki, zebaki na sumu ya chura, uliosemwa unatibu saratani. Hawakuusifu wala kuucheka. Waliupima sehemu kwa sehemu, wakakuta kwamba kinachofanya kazi ni aseniki, na kwamba inafanya kazi kwa aina moja mahususi ya saratani ya damu, lukemia ya promielosaiti. Aseniki ni madini, haitoki mtini, lakini safari yake ni ileile: kutoka dawa ya kienyeji ya mashambani hadi kiganjani mwa daktari. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Leo aseniki pamoja na dawa inayotokana na vitamini A, ambayo matumizi yake katika ugonjwa huu yaliongozwa na Wang Zhenyi wa Shanghai, huwaponya walio wengi sana kati ya wenye ugonjwa ule, uliokuwa ukiogopwa kuliko lukemia nyingine kwa jinsi unavyoua haraka kwa kuvuja damu. Kama dunia ingekuwa inaficha tiba za kienyeji, hii ndiyo ingefichwa kwanza, kwani aseniki ni rahisi na haina mwenyewe. Haikufichwa, kwa kuwa ilithibitika.

Sasa tazameni kwetu. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aligawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, ikisemwa kinaponya magonjwa sugu mengi. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi. Walikwenda wakubwa na wadogo, na wapo waliotolewa vitandani hospitali ili wawahi kikombe. Watu kadhaa walifia kwenye foleni. Hakuna kiwanda kilichokizuia kikombe kile. Kilinywewa mchana kweupe, mbele ya kamera. Miaka imepita, na hakuna hata ugonjwa mmoja kati ya yaliyotajwa ambao kikombe kimethibitika kuuponya. Mfa maji haachi kutapatapa, na siwalaumu waliopanda magari yale. Nawalaumu wanaotaka kuturudisha kwenye foleni hiyo tukiwa tumeshaiona.

Sikatai kwamba kauli hii imepata wasikilizaji kwa sababu za kweli. Hospitali zenye wataalamu wa saratani ni chache na ziko mbali. Mtu wa Kigoma au wa Turkana hulazimika kuacha shamba na watoto wengine kwa miezi. Dawa hukosekana, vipimo hulipiwa, lugha ya madaktari haieleweki. Ipo pia dhuluma ya kihistoria: Madagaska haikupata mgawo wa maana kutokana na fedha nyingi zilizopatikana kwa ua lake, na miti ya Shimba iliondoka bila mkataba ambao leo tungeuita wa haki. Haya yote ni malalamiko halali. Lakini hakuna hata moja kati yake linaloyafanya maji ya mizizi yatibu lukemia. Dhuluma hudaiwa kwa sheria na kwa siasa. Haidaiwi kwa uhai wa mtoto.

Anayeipenda miti yetu kwa dhati adai mambo haya. Adai taasisi zetu, kama Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, na taasisi za utafiti wa tiba NIMR ya Tanzania na KEMRI ya Kenya, zipewe fedha za kuivusha mimea kutoka kisahanini hadi majaribio ya kitabibu yenye idhini, kumbukumbu na ulinzi wa wagonjwa. Adai kwamba mganga anayetoa maarifa aandikwe jina na apate mgawo wake, kama Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014 inavyoelekeza. Adai mabaraza ya tiba asili yamfungie kila anayetangaza tiba ya saratani bila ushahidi. Waganga wa kweli watafaidika kuliko wote. Na adai, kabla ya hayo yote, kwamba vinkristini na asparaginasi zisikosekane katika bohari zetu hata wiki moja, na kwamba mama anayelala wodini na mwanawe alipiwe nauli na chakula. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Pengo hilo halitokani na mti ambao bado haujavumbuliwa. Linatokana na kuchelewa kugundua, kukosa dawa, na kuyaacha matibabu njiani. Kauli ninayoipinga hulipanua pengo hilo kila inaporudiwa.

Wewe mzazi au ndugu unayemuuguza mtu wa saratani ya damu, nakusihi. Ukiona homa isiyokwisha, weupe wa viganja, michubuko isiyo na sababu, fizi zinazotoka damu au maumivu ya mifupa, dai kipimo cha picha kamili ya damu leo, usingoje mwezi ujao. Matibabu yakianza, usiyaache kwa sababu mgonjwa amepata nafuu, maana nafuu ya mwezi wa kwanza ni mwanzo tu wa safari. Uliza maswali mpaka uelewe. Nauli ikikushinda, waambie wahudumu wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujatoroka. Na yeyote atakayekuja na chupa akisema ina dawa ya lukemia, mwulize mambo matatu: imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi, wangapi walikufa, na nani aliyewahesabu. Asipojibu, abaki na chupa yake, na mgonjwa wako abaki wodini.